Kila Neno na Mwenyewe

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa askari polisi, na kwa muda mrefu tulijuana kwa kamba ya nguo tu. Yeye alianika sare, mimi nilianika mashuka, na aliyewahi kurudi kabla ya mvua alianua za wote wawili. Mvua ya Kasubi, mtaa wetu wa Kampala, haipigi hodi. Zikaanza nguo, ikafuata chumvi, wakafuata binti zake wawili, ambao siku za zamu yake ya usiku walilala kwangu na kunivutia blanketi lote upande wao.

Tulizungumza Kiswahili. Mimi ni Mkenya, yeye ni Mwacholi kutoka kaskazini mwa Uganda, na Kiganda cha mwenye nyumba wetu sote wawili tulikisikia zaidi kuliko tulivyokisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, hakikujali ngeli. Changu kilikuwa cha shule na redio. Nilimwita afande, kwanza kwa utani na baadaye kwa mazoea. Yeye aliniita Mkenya, na alipokuwa na shida aliniita dada.

Jumapili moja aliniita dada kabla hata hajavua viatu vya misa. Kituo chake kilitafuta askari wa dawati la familia, lile linalopokea wanawake waliopigwa na watoto waliotupwa. Alikuwa amelitamani dawati hilo tangu aajiriwe. Atakayelipata atabaki Kampala. Wengine wa daraja lake walikuwa wakisubiri uhamisho, na uhamisho wakati ule ulikuwa ukielekea mbali, kwenye vituo vya mpakani ambako askari wanalala kwenye mahema. Mume wake alikuwa mwanajeshi, yuko kazini nje ya nchi. Akihamishwa na yeye, wasichana wataondoka Kasubi na kupelekwa Arua kwa bibi yao, mama wa mumewe.

"Huyo mama ni mtu mzuri," alisema. "Sina neno na yeye. Lakini mimi nitakuwa mama ya simu."

Kikwazo kilikuwa mtihani wa Kiingereza. Waliokwisha kuufanya walimwambia una sehemu mbili. Ya kwanza unapewa maneno ya sifa na maneno ya vitendo, unayageuza kuwa majina ya vitu visivyoshikika: kutoka kwenye "kind", yaani mwema, utoe wema, kutoka kwenye "arrive", yaani kufika, utoe ujio. Ya pili unapewa tukio, unaliandikia ripoti fupi ukitumia majina hayo uliyoyaunda. Aliwahi kunisikia nikigombana kwa simu na muuza mabomba kwa Kiingereza, akaamua kwamba mtu anayeweza kukasirika katika lugha hiyo bila kukwama anaweza pia kuifundisha.

Mimi si mwalimu. Nilikuwa nikiandika habari katika redio ndogo kule kwetu, na sasa nauza mabomba na koki katika duka moja la Nakivubo. Lakini nilinunua kitabu cha sarufi kilichotumika kutoka kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyambogo aliyekuwa akihama, na tukaanza. Tulikaa barazani jioni zile ambazo hakuwa na zamu, yeye na daftari, mimi na bakuli la maharage ya kuchambua, kwa sababu sijui kukaa bila kufanya kitu.

Nilianza kwa kujisifu. Nilimwambia Kiswahili kimetuhurumia: mtu mvivu ana uvivu, kitu kigumu kina ugumu, kila kitu unakivisha kofia moja ya "u". Akanitazama kama anavyowatazama, nadhani, watu wanaosema hawakuwepo eneo la tukio.

"Na mtu akiiba?"

"Wizi."

"Akifa?"

"Kifo."

"Akilia?"

"Kilio."

"Kumbe na nyinyi mna vichochoro," akasema, akafungua daftari.

Aliyajifunza yale majina kwa njia yake, na mpaka leo sijakuta kitabu chenye njia bora zaidi. Aliyapanga kwa vyeo. Yale yanayoishia kwa "ness", kama "kindness" na "weakness", yalikuwa makonstebo: wengi, watiifu, unawatuma popote. Yanayoishia kwa "ity" yalikuwa maofisa, wanapenda maneno ya sifa marefu na hawachanganyiki na raia. Yale ya "ment" na "tion" yalikuwa watu wa ofisini, wanatokana na vitendo lakini wenyewe hawatendi tena. Na yale machache ya zamani, "strength", "truth", "death", aliyaita wazee wastaafu. Huwezi kuwapa amri, alisema, unawakariri jinsi walivyo na unawasalimia.

Kisha akaleta gwaride. Mimi nilisema neno, yeye alisimama wima kando ya beseni la maji na kutoa jina lake. "Brave!" "Bravery!" Binti yake mdogo alijipanga nyuma yake na kurudia kila jibu, akigeuka kulia na kushoto bila kuamriwa. Mwenye nyumba alipopita na ndoo yake alituuliza kama tunajiandaa kwa vita, bannyabo, yaani akina mama, au kwa harusi. Afande alimjibu kwamba ni kitu kimoja.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya mtihani haikunitia wasiwasi.

Sehemu ya pili nilimpa jioni moja yenye mawingu. Nilitunga tukio jepesi: moto umezuka sokoni, vibanda vimeungua, watu wamekimbia, mlinzi amechelewa kufika. Nikamwandikia maneno matano ya kugeuza na kumwambia aandike ripoti ya nusu ukurasa. Niliingia ndani kuweka maharage jikoni. Nilipotoka karatasi ilikuwa tupu isipokuwa jina lake juu na, chini kabisa, mahali pa sahihi, mstari ambao hakuujaza.

Nilidhani Kiingereza kimemshinda. Nikaanza kumsaidia kwa sentensi ya kwanza. Akanizuia.

"Moto ilikuwa soko gani?"

Nilisema soko lolote. Ni la kubuni.

"Nani ameleta lalamiko?"

Hakuna. Ni zoezi.

Akaweka kalamu chini polepole. Akaniambia kwamba tangu chuo cha polisi wamefundishwa kitu kimoja kabla ya bunduki: unaandika ulichokiona, ulichokisikia na aliyekwambia. Huandiki kilichokuwa kinawezekana. Kuna askari aliyemfahamu ambaye aliwahi kujazia maelezo ya shahidi sentensi moja tu, kwa nia njema, ili maelezo yaeleweke; mtuhumiwa akaachiwa mahakamani kwa sababu ya sentensi hiyo, na alikuwa ameua. "Umenipa kitu haikutokea," alisema. "Nikiandika, halafu niweke sahihi, mimi nimedanganya."

Nilimwambia watahini hawatamshitaki. Hilo halikumgusa. Nikamwambia basi aandike bila sahihi. Akajaribu, kwa kuniheshimu, na hapo likajitokeza jambo jingine. Aliandika kwamba kulikuwa na uzembe na hofu na hasara, maneno yote sahihi, kila konstebo na kila mzee mahali pake. Akayasoma kwa sauti, akayakunjia uso.

"Angalia hii," alisema. "Uzembe ilikuwepo. Nani alizembea? Hofu ilikuwepo. Nani aliogopa? Dada, hii Kiingereza inaondoa watu. Ukiondoa watu, mimi nitakamata nani?"

Nilichukua karatasi nikaisoma upya. Nilikuwa nimeandika habari kwa miaka, na nilijua vizuri jinsi neno kama "makosa yalifanyika" linavyoweza kumficha aliyeyafanya. Nilijua pia kwamba watahini wake hawakuwa na nia ya kumficha yeyote. Walitaka tu kuona kama anaweza kuandika ripoti ambayo mkubwa wake ataisoma kwa dakika moja. Lakini mbele yangu alikuwa mtu ambaye angeacha nusu ya karatasi wazi, siku ambayo karatasi hiyo ingeamua wanawe wanalala wapi. Kwa sababu ya uaminifu, si kwa sababu ya ujinga. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba anajua, na kwamba kujua hakumsaidii.

Jikoni maharage yakaanza kunuka kuungua. Tuliyaokoa, tukayala hivyohivyo na posho, ndio ugali wa huku.

Alikuwa anaosha sahani alipopata njia. Sikumpa mimi. Aliniambia kwamba kituoni kuna stoo ya vielelezo, chumba chenye mapanga, simu, mashati yenye damu, baiskeli. Vitu hivyo vyote vimetenganishwa na wenyewe. Lakini hakuna kinachoingia bila lebo iliyofungwa kwa uzi: ni cha nani, kimekutwa wapi, kimechukuliwa na nani. Kitu kisicho na lebo, hata kiwe kizuri vipi, hakifai mahakamani.

"Kwa hiyo kila neno tunafunga lebo," alisema. "Hofu, ya nani. Uzembe, ya nani. Basi."

Tulijaribu palepale, mikono yake ikiwa bado na povu. Badala ya kukataa kulikotokea peke yake angani, akaandika kukataa kwa mume kufungua mlango. Badala ya kifo, kifo cha mtoto wa fulani. Kiingereza kilikubali bila shida. Nacho, kumbe, kina uzi wa kufungia lebo, "of", mtu akiukumbuka. Hilo likawa limetatuliwa. Lililobaki lilikuwa lile la kwanza: hakuweza kuandika kitu ambacho hakikumtokea mtu.

Akafuta mikono, akavuta kiti, akakaa mbele yangu na karatasi mpya.

"Basi wewe uwe mlalamikaji," alisema. "Niambie kitu ilikupata kweli."

Nilitaka kumpa jambo dogo, simu iliyoibwa au koki iliyorudishwa imevunjika. Sijui kwa nini sikufanya hivyo. Nilimwambia kuhusu kaka yangu.

Sauti yake ilibadilika. Aliniuliza jina, makao, kazi, mambo ambayo aliyajua kuliko mtu yeyote Kampala, na aliyaandika kama nilivyoyataja. Nilimweleza kwamba duka la Nakivubo lilikuwa la kaka yangu mkubwa, na mimi nilikuja kulishika kwa muda tu alipoanza kuumwa. Nikasema alikuwa dhaifu.

"Dhaifu siandiki bado. Ulimuona akifanya nini?"

Nilifikiri. Nikasema nilimwona ameketi juu ya bomba la plastiki lililoviringishwa kuandika risiti. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuketi dukani.

Aliandika hilo.

Nikaeleza kwamba alikataa kwenda hospitali. Akataka maneno yake. Nilimwambia alisema, kontena likifika nitakwenda. Kontena lilifika na alikwenda, na siku aliyolazwa alinituma nihakikishe mabomba ya inchi mbili hayajachanganywa na ya inchi moja. Nilipotoka dukani kurudi hospitali, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Afande aliuliza nani alinipa habari, na kwa maneno gani, na nilikuwa nimesimama wapi. Nilijikuta nakumbuka. Muuguzi aliyekuwa akikunja blanketi. Mfuko wa machungwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimesimulia kifo hicho mara nyingi, kwa jamaa, kwa kanisa, kwa wateja waliomwulizia, na siku zote nilikisimulia kama habari ya redio, kwa majina makubwa: msiba, pengo, majonzi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa nimeshika nini.

Tulimpeleka nyumbani kupitia mpaka wa Busia, tukamzika. Nikarudi Kampala kuuza mali iliyobaki na kufunga duka.

"Kwa nini hukufunga?"

Nilisema sijui. Aliandika kwamba sikujua, bila kunisukuma.

Kisha akanisomea yote kwa Kiswahili, kama inavyotakiwa, na kuniuliza kama ndivyo. Nikasema ndivyo. Hapo ndipo alipoanza kutoa majina yake ya Kiingereza, moja moja, kila moja na lebo. Udhaifu wa kaka. Kukataa kwake. Kulazwa kwake, kifo chake, maziko yake. Kurudi kwa dada yake. Alipofika mwisho alibaki na neno moja ambalo sikulitamka popote katika maelezo yangu: "loneliness", upweke. Alishikilia kalamu juu ya karatasi bila kuliandika.

"Hii sikuiona," alisema, "na wewe hukusema. Nikuulize kama ni yako."

Nilisema ni wangu. Akauandika.

Siku ya mtihani aliondoka na sare aliyoipiga pasi mara mbili. Mimi nilikuwa Nakivubo, dukani, siku nzima nikiwapa watu mabomba ya vipimo wasivyovitaka. Jioni nilimkuta barazani amevua viatu, ametulia mno. Alisema sehemu ya kwanza aliimaliza mapema. Neno moja tu lilimsumbua, akalipa cheo cha konstebo na kuomba Mungu. Sehemu ya pili ilikuwa ugomvi wa majirani juu ya mtaro wa maji machafu: mmoja ameuziba, mwingine amefurikiwa, wamepigana, wamepatanishwa.

"Na hukuwepo," nilisema.

"Sikuwepo."

"Ukafanyaje?"

Alinieleza bila haya. Mstari wa kwanza wa ripoti yake, kwa Kiingereza safi, ulisema kwamba mwandishi hakuwepo wakati wa tukio na kwamba yote yanayofuata ni kama yalivyoelezwa na karatasi ya mtihani. Karatasi ya mtihani ndiyo iliyokuwa shahidi wake. Baada ya hapo aliandika vizuri, kila neno na mwenyewe, mpaka mwisho, akaweka sahihi.

Nilijitahidi uso wangu usiseme kitu. Niliwaza mtahini aliyechoka akikutana na mstari ule. Niliwaza wasichana wakipanda basi la Arua. Nilimwambia alifanya vizuri, na kwa nusu ya moyo wangu nilimaanisha hivyo.

Majibu hayakuja upesi. Likizo ya shule ilikaribia, uvumi wa uhamisho ukawa mkubwa, na afande, mtu wa maandalizi, akampigia mama mkwe simu aje kuwachukua watoto. Alifika na basi la asubuhi, mama mwembamba mwenye mtandio mweupe na mfuko wa karanga za kusaga. Yeye ni Mwislamu na afande ni Mkatoliki, na kwa macho yangu walikuwa wamelimaliza suala hilo zamani: mmoja aliposwali mwingine alipunguza redio, na Jumapili bibi ndiye aliyewasuka wasichana nywele za kwendea kanisani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wa jeshi, na alinipenda kwa sababu nilimwelewa. Alinionyesha picha ya chumba kwenye simu yake. Alikuwa amekipaka chokaa, ameweka chandarua cha rangi ya waridi.

Nguo za wasichana zilikunjwa. Daftari za shule zikafungwa kwa mpira. Binti mdogo aliuliza kama Arua kuna gwaride, na hakuna aliyecheka.

Simu ilimkuta afande akimenya ndizi. Aliisikiliza amesimama wima, akijibu ndiyo afande, ndiyo afande, kisu bado mkononi. Alipokata alituambia amepewa dawati. Ataanza Jumatatu. Mkubwa wake alikuwa ameongeza jambo moja, kwamba wameuzungumzia ule mstari wake wa kwanza na wasingependa auandike tena kwenye mtihani, ila dawatini walimtaka mtu wa kuandika hivyo. Akakaa chini. Nilimwona akitaka kulia na kutafuta mahali pa kuweka kisu kwanza.

Wasichana waliruka, mkubwa akakimbia chumbani na kuanza kutoa nguo kwenye mfuko, akizirusha kitandani bila mpangilio. Nilimshika afande bega. Nilisema yale ambayo watu husema.

Bibi alikuwa ameketi mkekani mlangoni. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akampa mkwe wake mkono, na alikuwa anamaanisha. Mtu huweza kuona. Kisha akaanza kuvikunja upya vitu vyake peke yake, mtandio, tasbihi, chupa ya maji ya safari. Afande alimwangalia kwa muda. Akaenda akaketi karibu naye, akamwuliza kwa upole kama amekasirika.

"Hapana, mwanangu," bibi alisema. "Nilikuwa nimeshawatandikia, tu."

Afande aliinuka. Alimchukua yule mdogo kutoka kwenye vurugu za nguo, akamweka mapajani mwa bibi yake, akatoa simu ili watazame wote watatu likizo ya kwendea Arua inaanza lini.